Siku Ziwa Lilipotapika

Juzi pale Majengo nilimwona mtu mzima akitupa chupa ya soda mtaroni, nikanyoosha mkono kana kwamba ningeidaka. Maji yakaenda nayo. Hapohapo harufu ya dagaa wa Kipili ikanijia puani.

Nilikuwa mtoto, nimekwenda Kipili kumtembelea shangazi yangu kando ya ziwa. Alasiri moja, yeye na akina mama wenzake wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, walikuwa wameinama ufukweni kati ya dagaa walioanikwa, wakiokota chupa, malapa na vipande vya nyavu. Hakuna aliyewatuma. Kila walipojaza kiroba, wimbi lilikuja likigugumia na kuwamwagia takataka nyingine miguuni.

"Ziwa limetapika tena," shangazi alisema, akashika kiuno.

Kwetu Milanzi, mtoto akitapika alikorogewa maji ya chumvi na sukari. Nikakimbia jikoni kwake, nikakoroga kikombe kizima, nikaingia ziwani hadi magotini na kumimina polepole, lisije likapaliwa.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Nalinywesha dawa, shangazi."

Siku hizi najua ziwa halikuwa linaumwa tumbo; lilikuwa likiturudishia vya kwetu. Ila siku ile kilichonishangaza ni kwamba hakuna mama hata mmoja aliyecheka. Shangazi alikitazama kikombe, akatazama ufukwe wote, mwanzo hadi mwisho.

"Sukari ya kikombe kingine imebaki?" akaniuliza.

Nikamwambia imekwisha.

"Haya," akasema, akainama tena kuokota.