Futa, Shemeji

Zamani pale chuoni hakuna aliyechapisha kazi kabla ya kuisimamia ubaoni, kwa chaki, bila karatasi mkononi. Yeyote aliweza kusema "futa," nawe ukafuta au ukajitetea. Siku hizi picha zinateleza ukutani, watu wanabofya simu, halafu makofi. Aliyebaki na utaratibu ule ni mwalimu mmoja wa hesabu, Bibi Chaki.

Alikuwa karibu kustaafu, na kazi aliyoihangaikia tangu ujana ilikuwa bado haijachapishwa. Siku ya kuisimamia mbele ya walimu wenzake, alichora meza ya pembe tatu yenye mpira unaodunda.

"Nafasi na wakati vinapofika ukingoni, ndani ya shimo jeusi," alisema, "nafasi inavutwa huku, inabanwa kule, haitabiriki, ni vurugu tupu, kama mpira huu. Ukiupima kwa sheria za chembe ndogo, unapata ngazi za nishati. Nasema ngazi hizo zinakwepana, haziachi mbili zikaribiane, sawasawa na zile nukta za hesabu zinazotawala mpangilio wa namba tasa."

"Shemeji, futa," alisema mdogo wa mumewe, mwalimu wa fizikia, kutoka benchi la nyuma.

"Nifute nini? Umeamka vibaya?"

"Nimeamka salama. Hizo ngazi umezithibitisha, au umeamini tu kwamba vurugu zote ni ndugu?"

 Bibi Chaki alikuwa ameamini tu. Kwingine kote vurugu huzifanya ngazi zikwepane. Nani angeshuku meza hii? Akageukia ubao, akakokotoa. Jibu likamtazama usoni: kila namba tasa ilikuwa imeipa meza ile ulinganifu wake wa siri, kwa hiyo ngazi hazikukwepana hata kidogo. Zilipangana ovyo, kama abiria wasiojuana.

Mkuu wa idara, kijana wa suti, alikohoa. "Mama, ipeleke tu ikachapishwe. Nani atagundua?"

"Si huyu hapa kagundua?"

Akafuta ubao wote kwa kiganja, taratibu, toka juu hadi chini.  Watu wa namna hiyo hawazaliwi tena.

"Sogea mbele, mkorofi wewe," alimwambia shemeji yake. "Kama hazikwepani, basi hilo ndilo la kueleza."

Mkuu alishatoka. Shemeji akahamia benchi la mbele, naye Bibi Chaki akaanza kuichora meza upya.