Mgongo wa Sebahire

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Sebahire kilikuwa mgongo wake. Alikuwa amenipa mkate wangu, umepasuliwa kwa urefu, umejazwa mayai na vitunguu, umefungwa katika karatasi ya bluu. Kabla sijaufungua, akageuka na kuelekea ukutani. Alibaki hivyo, akifuta kisu kilichokuwa safi tayari, mpaka nilipomaliza kula.

Ni mwaka huu wa 1956. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nikakaa Gisenyi kungoja kupangiwa shule. Duka alimofanya kazi Sebahire lilikuwa la Bwana Manoli, Mgiriki aliyeuza mikate ya namna hiyo Bukavu, Goma na Gisenyi. Maduka yote matatu yalipakwa rangi moja ya kijani, na ukila mkate Goma leo na Gisenyi kesho, huoni tofauti hata ya kitunguu. Ila Goma mpasua mikate alikutazama usoni akakuuliza kama chumvi imetosha. Hapa tulitazamwa na mgongo.

Siku ya nne nilikusudia kumwuliza, lakini Mzee Ramazani, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akanitangulia.

"Ee Sebahire! Ku ukuta iko nini, sinema?"

"Kula, mzee. Mi sikuoni."

"Ndiyo maana nauliza! Pombe munakunywa watu kumi kibuyu kimoja, lakini mukate munafichana."

"Pombe ni pombe," akajibu Sebahire bila kugeuka. "Kwetu Rugerero mutu muzima haangaliwi mudomo akikula. Nakupa heshima, we unaniletea kelele."

Niliona aibu. Kumbe siku zote nilikuwa nikiheshimiwa, nami nilidhani nimechukiwa. Nikamwuliza yeye mwenyewe hula wapi mchana. Akasema hali kitu. Miaka saba alikuwa amepasua mikate ya Bwana Manoli, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akiuma hata mmoja.

Wiki iliyofuata ikaja barua kwa Kifaransa, akaniomba nimsomee. Bwana Manoli atakuja kwa meli siku ya Alhamisi kuchagua msimamizi wa duka. Atakula chakula cha mchana na Sebahire, ana kwa ana, kwenye meza ya dirishani, kama alivyofanya na msimamizi wa Goma. Asiyeweza kula anachouza mbele ya wateja, aliandika, hawezi kukisimamia. Sebahire akishindwa, ataletwa mtu kutoka Goma, naye atabaki na kisu chake.

Sebahire aliikunja barua mara nne.

"Mwalimu," akaniambia, "utanifundisha?"

Sikuwa bado na shule, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kwanza. Siku ya Jumatatu, duka likiwa limefungwa, tulikula tumepeana migongo. Nilisikia karatasi ikichakarika, lakini sikusikia kutafuna.

"Umekula, baba?"

"Nimekula kidogo. Usigeuke!"

Jumanne tulikaa bega kwa bega, tukitazama ziwa. Jumatano nilikaa mbele yake. Aliinua mkate, akaushusha, akauliza kama mvua itanyesha. Akauinua tena. Mwishowe akafunika mdomo kwa mkono wa kushoto, akauma pembe ndogo kabisa, jasho likimtoka kana kwamba amebeba gunia. Nilitaka kupiga makofi, nikajizuia, maana ningekuwa nimekiri kwamba nilitazama.

"Mkeo anasemaje?" nikamwuliza.

"Mukashyaka? Amesema, 'Kula tu, baba Damascène, lakini ukirudi usinihadithie.'"

Leo ndiyo Alhamisi. Sebahire amevaa shati lililopigwa pasi na Mzee Ramazani mwenyewe, tena bure. Ametandika kitambaa kwenye meza ya dirishani, ameweka sahani mbili na mikate miwili. Wateja tuko sita. Dakika chache zilizopita meli ilipiga honi, naye akatoka nyuma ya meza yake ya kupasulia, akasimama katikati ya duka.

"Wazee wangu, ndugu zangu. Miaka saba nimewapa mugongo. Leo naomba na nyinyi munipe yenu."

Nilingoja Mzee Ramazani atoe mzaha. Badala yake aliburuta kiti chake, akakigeuza kuelekea ukutani, nasi tukamfuata. Sasa tumekaa mstari mmoja mbele ya rangi ya kijani, kila mtu na mkate wake mkononi, hakuna anayekula.

"Ku ukuta kweli hakuna sinema," ananong'ona Ramazani.

Nyuma yetu nimesikia mlango, viatu vizito, salamu, kisha viti viwili vikivutwa. Karatasi mbili zimefunguliwa. Mtu mmoja ameanza kutafuna, na kwa uzito wa pumzi najua ni Bwana Manoli. Sote sita tumezuia zetu, tukimngoja wa pili.