Maneno Matatu ya Fundi Cherehani

Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya kijiji kile, ila miaka ya karibuni wodi ya wazazi ilikuwa imegeuka wodi ya wazee. Vijana walihamia mjini, wakazaa huko huko. Waliobaki ni wale waliokuja ujanani kutoka pande nne za dunia kulima mashamba ya kampuni, kila mmoja na lugha yake aliyoiweka kando ili aelewane na jirani.

Kiharusi kilipompata Fundi Cherehani, Kiswahili kilimtoka chote. Akabaki kitandani wodini na lugha ya utotoni, akirudia sentensi moja kutwa nzima.

"Labda anatoa wosia," alisema mwanawe.

"Huelewi hata neno?" Mkunga aliuliza.

"Hakutufundisha, mama. Alisema itatuchanganya shuleni."

Mkunga alijikongoja mpaka kwa Bibi Mkaa, mjane muuza mkaa aliyetoka nchi moja na Fundi. Wawili hao hawakuwa wakisalimiana tangu Fundi alipoharibu gauni la harusi la binti wa Bibi Mkaa.

"Nimechoka, bibi," Mkunga alisema. "Sina pengine pa kwenda. Njoo umsikilize."

"Na mimi mguu mmoja uko kaburini," alijibu Bibi Mkaa. "Haya, nipe fimbo yangu."

Fundi alipomsikia akimsalimia kwa lugha yao, machozi yalimtoka. Alisema sentensi yake ile ile, kwa taabu.

"Anaona baridi," Bibi Mkaa alitafsiri. "Dirisha hilo. Anawaambia tangu mlipomlaza hapa."

Mwana wa Fundi aliinamisha kichwa. Mkunga alikwenda kulifunga dirisha alilokuwa akilifungua mwenyewe kila asubuhi, mgonjwa apate hewa.

Tangu hapo Bibi Mkaa alikuja kila alipojaliwa nguvu, akagombana na Fundi kuhusu gauni hadi kinyongo kikawatoka wote wawili. Alimfundisha Mkunga kusema maji, maumivu na baridi kwa lugha yao. Mkunga alipoyatamka, Fundi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mvua hazijaanza, Fundi akafariki. Siku chache baada ya mazishi, Mkunga akitoka kazini, alimkuta Bibi Mkaa ameketi juu ya gunia la mkaa.

"Yule alikuwa wa mwisho wa kusema nami lugha yetu," alisema. "Nikipotewa na maneno mimi, nani atanisikia?"

"Ninayo matatu."

"Matatu hayamfikishi mtu kokote, mwanangu."

Mkunga, miguu ikimwaka moto, alitua mkoba wake, akaketi.

"Basi nipe mengine."