Mwenye Kamio Aliyekataa Kutubeba

Uasi ulipotulia tulirudi kutoka msituni. Madarasa yetu, pembeni ya mji wa Beni, yalikuwa bado yamesimama, lakini nyumba ya mwalimu ilikuwa imeungua. Mwalimu mwenyewe alibaki mmoja tu. Alilala darasani juu ya mkeka, na asubuhi aliukunja kabla hatujaingia.

Ndipo mtu wa bureau, ofisi ya elimu, alipokuja kutangaza kwamba shule yetu itafungwa kwa kuwa mwalimu hana pa kulala, tuunganishwe na shule kubwa ya mjini. Wazazi walimsikiliza wakiwa uani. Mama yangu, mkulima wa mihogo na maharage, ndiye aliyesema wa kwanza, akataja kizuizi cha askari njiani.

"Bwana, ku njia ile kuko barrière ya basoda. Binti yangu atapita pale kila siku namna gani?"

Yule bwana hakukasirika. Alitazama huku na huku, akamwona Hadji, mfanyabiashara Mwislamu ambaye watoto wake walisoma nasi. Mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa na kamio, lori la mizigo.

"Mais Hadji iko na kamio," akasema. "Atabeba batoto asubuhi, atabarudisha mangaribi. Donc mambo imeisha."

Moyo wangu uliruka. Sikuwa nimepanda gari hata siku moja.

"Hapana," Hadji akasema. "Mimi hapana beba."

Akaondoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alinung'unika kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kwamba mtu yule anaonea gari lake huruma kuliko watoto.

Jioni Hadji alikuja kwetu mwenyewe, akavuta kiti karibu na jiko.

"Mama, usinikasirikie. Kamio yangu inaenda Butembo, inaenda Oicha, inakwama mu matope. Siku itakwama, batoto batapita na nani? Na shule yetu itakuwa imeshafungwa. Kama nabeba leo, ni mimi nimeifunga."

Mama aliacha kusonga ugali. "Sasa tufanye nini?"

"Bureau inasema mwalimu hana pa kulala. Nyuma ya depo yangu ya mizigo kuko chumba. Alale pale. Twende tubaambie, sisi bazazi bote."

Walikwenda, Hadji na kanzu yake nyeupe, mama na kitenge chake cha misa. Yule bwana akauliza nani atamlisha mwalimu. Wakajibu kwa pamoja kwamba ni wao. Akakuna kichwa, akasema, "Bon, tutaona." Shule haikufungwa. Baada ya msimu wa mvua nyingi tukapewa mwalimu wa pili pia, kijana kutoka Kipese, akafika kwa kamio ya Hadji, ameketi juu ya magunia ya viazi.

Walimu wetu, wote wawili Wakatoliki, walikula kwa Hadji miaka ile yote. Mwezi wa Ramadhani mke wake aliwapikia mchana, yeye mwenyewe akiwa amefunga. Mama alipojua hilo alianza kwenda kumsaidia, akamwambia akae kivulini apumzike.

Nilimaliza shule pale, na wadogo zangu wakamaliza pale. Baadaye nikawa mwalimu Butembo, mtaa wa Mususa, na hadi leo nawashukuru watu wale.

Hadji alipofariki, mama alikuwa mzee tayari. Aliketi na wanawake wa msibani. Mmoja akamwuliza marehemu alikuwa nani kwake.

"Ni muzazi mwenzangu wa ku shule," mama akasema, akasogea kumpisha mwingine akae.