Kaka Yangu, Beki wa Timu ya Kiwanda

Wiki iliyopita, ndani ya treni ya kutoka Richardson, mama mmoja mtu mzima aliketi mbele yangu, na kutoka mabegani mwake ikanijia harufu ya plasta za kuchulia misuli. Harufu kali, ya baridi, inayopanda puani kama mnanaa uliotiwa kafuri. Nilifumba macho. Nikawa tena mtoto wa miaka kumi, sebuleni kwetu Haltom City, na plasta kama hizo zimebandikwa mgongoni mwa baba yangu.

Plasta zile zilitoka Japani. Alizituma kaka yangu Dieudonne, ambaye sote tulimwita Dodo. Baba alikuwa akibeba maboksi ghalani tangu tulipofika Texas kutoka kambini Tanzania, na mgongo wake haukumpa raha. Kifurushi kilipofika alibandika mbili, hata siku ambazo hakuumwa, akazunguka nyumbani kifua wazi kama mtu aliyevishwa nishani. "Za mwanangu hizi," aliwaambia wageni, akiwageuzia mgongo wazione vizuri.

Nikueleze Dodo alifikaje huko, maana hata sisi ilituchukua muda kuelewa. Alipomaliza shule alihamia Houston, akapata kazi kwenye kiwanda cha Wajapani cha kuunda pampu za maji. Jumapili baada ya misa alicheza mpira na vijana wenzake, Warundi na Wakongo, kwenye kiwanja cha nyasi kavu nyuma ya kanisa. Siku moja meneja wake, Mjapani mpole wa makamo, alikuja kutazama. Alisimama juani mpaka mwisho, mikono nyuma. Kesho yake alimwita Dodo ofisini. Kumbe kule makao makuu kampuni ilikuwa na timu. Zamani ilikuwa ya wafanyakazi tu, watu wa mashine na watu wa stoo, wakicheza baada ya kengele ya kutoka. Sasa ilikuwa imeingia ligi daraja la nne, lakini wachezaji wengi bado waliajiriwa kiwandani: asubuhi unafunga pampu kwenye maboksi, mchana unakwenda mazoezini. Walikuwa wanatafuta beki mrefu.

Mama alisikiliza habari yote, kisha akauliza, "Yaani unaacha kufunga pampu Houston, unakwenda kufunga pampu Japani?"

"Na kucheza mpira, Mama."

"Mpira hata hapa upo."

Lakini sanduku alimfungia mwenyewe. Alimtilia na unga wa muhogo, ambao, tulikuja kuambiwa, safari yake iliishia uwanja wa ndege.

Tangu hapo nyumba yetu iliishi kwa ratiba ya timu ya kiwanda. Wakati wa kiangazi mechi zao za jioni zilitukuta sisi alfajiri. Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu ya kufua mashuka ya hoteli, mikono inanukia sabuni. Baba alikuwa anajiandaa kwenda ghalani. Katikati ya kurudi kwa mmoja na kuondoka kwa mwingine ilikuwepo mechi, na nadhani ndio wakati pekee tulipoketi wote watatu kwenye kochi moja. Mimi ndiye niliyeunganisha simu na televisheni. Uwanja ulikuwa mdogo, wenye jukwaa moja, na nyuma yake vilima vya kijani. Mashabiki wote wangeenea kwenye ukumbi wa parokia yetu, lakini walipiga ngoma bila kuchoka, hata timu inapofungwa. Kulikuwa na mtu aliyevaa vazi la pampu ya bluu yenye macho na tabasamu, kazi yake kuwapungia watoto.

"Huyo naye kaajiriwa kiwandani?" Mama aliuliza.

Mtangazaji alilikata jina la kaka yangu vipande, "Dyu-do-ne," na Baba kila mara alimsahihisha kwa upole, kana kwamba atasikia.

Alfajiri ninayoisimulia, mvua ilikuwa inanyesha kule. Ulipigwa mpira wa kona. Dodo aliruka, mshambuliaji wa upande wa pili akaruka, na uso wa Dodo ukakutana na kichwa cha yule mwenzake. Alianguka kama gunia, bila kujikinga kwa mikono. Mshambuliaji alikaa chini kidogo, akainuka. Dodo hakuinuka.

Ngoma zilinyamaza. Sikuwahi kuzisikia zikinyamaza.

Wachezaji walimzunguka, mmoja akipunga mikono kuita wauguzi. Kisha kamera ikageuka. Ikatuonyesha vilima, ikatuonyesha bendera zilizolowa. Mtangazaji alishusha sauti, na chini ya kioo yakapita maandishi.

"Wanasema nini?" Mama aliuliza.

Niliongeza sauti ya televisheni.

"Nadine. Wanasema nini?"

"Sijui, Mama. Ni Kijapani."

"Hapo chini wameandika. Soma, mwanangu."

Usicheke. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma kila kitu: barua za shule, karatasi za kliniki, maandishi ya kwenye chupa za dawa. Mama aliamini kwamba mtoto aliyefunguliwa macho na shule za Marekani anasoma chochote kilichoandikwa. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Herufi zilipita kama sisimizi, na machozi yakaanza kunitoka kwa aibu kabla hayajanitoka kwa hofu.

Baba alikuwa amesimama. "Geuzeni kamera," aliiambia televisheni. "Nionyesheni mtoto." Akarudia kwa Kirundi. Kisha, kwa Kiingereza chake cha ghalani, akaanza kumwomba mtu asiyekuwepo: "Please, sir. Please."

Picha iliporudi uwanjani, mpira ulikuwa unachezwa. Mahali pa Dodo alisimama kijana mwingine, jezi yake bado kavu.

Tulipiga simu ya Dodo, ikaita mpaka ikakatika. Tukapiga tena na tena. Tulipiga kiwanda cha Houston, sauti iliyorekodiwa ikatuambia ofisi zimefungwa. Nje, gari la wenzake Baba lilipiga honi, likasubiri, likaondoka. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," Baba alisema, akakaa chini sakafuni, mgongo wake na plasta zake ukiegemea kochi. Mama, aliyekuwa amefua mashuka ya watu usiku kucha, alikwenda kuyang'oa mashuka ya kitanda cha Dodo, ambayo hakuna aliyeyalalia, akaanza kuyafua kwa mkono kwenye beseni la kuogea.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa simu ilipolia. Kwenye kioo chake lilikuwa jina la Dodo. Niliipokea, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke, mtu mzima, anayehema. Nilijua ni nani: mpishi wa bweni la wachezaji, ambaye Dodo alimwita Mama Bweni. Alisema maneno mengi, nikaokota moja tu, "Dodo." Nilimsemesha Kiingereza, hakukijua.

Mama alininyang'anya simu, mikono yake ikidondosha povu.

"Mwanangu yu hai?"

Nilisogeza sikio karibu na simu. Kisha nikamsikia yule mama akijibu, wazi kabisa, "Hai."

"Yu hai?"

"Hai. Hai, hai."

Mama alipiga magoti pale pale. "Kasema yu hai! Baba Dodo, kasema yu hai!" Baba akaficha uso kwa viganja. Hakuna aliyejiuliza mpishi wa Japani kajifunzia wapi Kiswahili.

Dodo mwenyewe alipiga siku iliyofuata, akiongea kama mtu mwenye pamba mdomoni. Mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika, na jicho la kushoto likabaki na ukungu usioondoka. Mpira wake uliishia hapo. Kiwanda hakikumwacha, alifunga pampu kule mpaka mkataba ukaisha, kisha wakamrudisha Houston. Tulimfuata huko wote watatu. Mama alimpapasa shavu muda mrefu kabla hajamruhusu kula, na mezani akamsimulia jinsi Mama Bweni alivyomjibu kwa Kiswahili.

Dodo alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama, kwao 'hai' ni 'ndiyo'. Mtu akikuongelesha unasema 'hai', hata kama hujaelewa. Saa ile alikuwa kwenye korido ya hospitali. Hawajamwambia kitu. Hata yeye hakujua kama nitaamka."

Nilitazama sahani yangu. Mama alimenya chungwa polepole.

"Hakukata simu," alisema mwishowe.

Ilinichukua miaka kulielewa jibu hilo. Utotoni niliamini kwamba asubuhi ile nilishindwa mimi peke yangu, kwa sababu sikuweza kusoma, na kwamba pengine palikuwa na mtu mzima aliyekuwa na habari kamili akatunyima. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mama mmoja sakafuni Haltom City na mama mwingine kwenye korido ya mbali, kila mmoja akimlilia mwenzake kwa lugha asiyoijua, na wakaendelea hivyo, bila kuelewana hata neno, mpaka simu ya Dodo ikaishiwa chaji.