Nilimtoa Mwali Ndani, Kisha Nikamkana

Jina langu sisemi. Mkilijua mtanitemea mate, na mna haki! Mimi mwenyewe nikikumbuka nililomfanyia Anchia nashikwa na kichefuchefu, tena si cha maneno tu, cha kweli, hadi nasukuma sahani pembeni.

Mimi ni mtu wa Palma, kaskazini ya Msumbiji. Ilikuwa miaka ile gesi imegunduliwa baharini kwetu, kila siku gari jipya, kila siku mgeni mwenye kofia ngumu anauliza njia. Tulichanganyikiwa, jamani! Kila kijana wa sekondari aliota kazi ya kampuni. Mimi ndiyo usiseme.

Basi kwenye ile likizo kubwa, feria, wakaja watu wa kampuni na mpango wao. Sisi wa sekondari kila mmoja akakabidhiwa mtoto wa klase ya saba, amfundishe hesabu na Kireno mpaka shule zifunguliwe. Tukaitwa madrinya, yaani walezi wao. Mwisho wageni wangekuja kuwasikiliza watoto, na mlezi ambaye mtoto wake angeng'ara angepewa bolsa, asomeshwe bure Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu.

Mimi nikapewa Anchia. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake akikaanga mihogo sokoni, na shule alilipiwa na mjomba wake. Mtoto yule alikuwa na kichwa! Unamwelekeza hesabu mara moja, ya pili anakuelekeza wewe. Alitaka kuwa muuguzi.

"Dada, nikishasoma nitakuchoma sindano wala hutasikia," alikuwa akiniambia.

"Chapa hesabu wewe, sindano baadaye!" Tunacheka.

Sasa kwetu feria ndiyo msimu wa unyago. Kabla wageni hawajafika, Anchia akawekwa ndani na wenzake, kila mmoja na somo wake wa kumfunda. Mwali akiwa ndani haonwi na mwanamume, awe baba, awe kaka, mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma na kanga mpya. Hilo halina mjadala, hata mtoto mdogo analijua. Na mimi nililijua vizuri, maana nilichezwa kwenye nyumba ile ile.

Ningeweza kwenda kwa mkurugenzi wa shule kuomba siku isogezwe. Ningeweza kupeleka mtoto mwingine. Sikutaka! Nilimtaka Anchia, maana nilijua kwa Anchia bolsa ni yangu.

Siku ya wageni, asubuhi, nikanyemelea. Wanawake wakubwa walikuwa wameenda kuchota maji na kutafuta kuni. Mimi ni mwanamke, kuingia kwangu hakuna wa kuniuliza. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, uso mweupe kwa msiro, ule unga wa mti anaopakwa mwali, akashtuka kuniona.

"Somo wako ameruhusu," nikamwambia. "Saa moja tu, nakurudisha."

"Kweli dada? Kasema kweli?"

"Mimi nikudanganye?"

Nikamnawisha ule msiro kwa mikono yangu hii. Nikamvalisha sare, nikamfunga kitambaa kichwani. Akashikilia mlango. Nami nikamwambia acha ujinga! Loo, mimi mtu gani?

Chini ya turubai wageni wanakula nyama na kunywa soda, watu wa televisheni wameshika kamera. Anchia akasimama. Akaeleza kwa Kireno hesabu zake zote ubaoni, hakukwama hata mara moja. Walipiga makofi mpaka wakasimama! Mzungu mmoja akamshika kichwa kama anapapasa mbuzi, akasema parabéns, parabéns, yaani hongera. Kamera ikamsogelea usoni. Nikapewa mkono, bolsa yangu.

Nilimrudisha hadi nyuma ya ua, nikamwacha aingie peke yake, lakini wanawake walikuwa wamesharudi na kuona mkeka mtupu. Na kabla ya wiki kwisha wanaume waliokwenda banda la video kuangalia mpira wakamwona mwali kwenye televisheni, mjomba wake akiwa katikati yao. Wakamcheka mjomba. Alitoka pale hata mpira haujaanza.

Nikaitwa uani kwa nyakanga, yule mama mkuu wa unyago. Wanawake wamekaa, Anchia katikati kainamisha kichwa.

"Mtoto anasema wewe ndiye uliyemtoa," nyakanga akaniuliza taratibu. "Kweli?"

Hapo ndipo nilipooza. Nikawaza nikikubali, malalamiko yatafika shuleni, na bolsa imekwenda. Nikasema, "Hapana bibi. Alikuja mwenyewe. Hata mimi nilishangaa kumwona."

Anchia akainua uso. "Dada, si ulininawisha wewe?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi, Anchia?"

Astaghafirullah! Nilivyolisema, hata muigizaji asingeniweza. Na wakaniamini, maana mimi ndiye msomi, mimi ndiye madrinya, na mtoto aliyetoroka ndani lazima atafute wa kumsukumia.

Wenzake walitolewa kwa ngoma, vigelegele, kanga, zawadi. Yeye hakutolewa. Nyakanga alisema mwali aliyejitoa hatolewi tena. Wasichana aliolala nao mkeka mmoja wakakataa kula naye. Na mjomba akasema neno moja tu: shule ndiyo iliyomtoa ndani, basi shule imekwisha. Hakulipa tena. Mama yake alimlilia, wapi! Anchia akapangiwa kwenda kukaa kwa shangazi yake Quiterajo, akasaidie shamba.

Mkafikiri nimemaliza? Bado uchafu wenyewe.

Siku moja kabla sijasafiri kwenda Pemba, mama yake Anchia akaja nyumbani na sinia limefunikwa kawa. Wali wa nazi na kuku mzima. Yule mama wa mihogo, kuku alimtoa wapi mimi sijui. Nyuma yake Anchia.

"Mwanangu," mama akaniambia, "mtoto wangu alikusingizia mbele za watu. Unakwenda safari, usiende na kinyongo. Tusamehe." Kisha akamgeukia binti. "Haya, sema."

Anchia akapiga magoti. Akanishika mkono, akautazama ule mkono, hakunitazama mimi. Akasema, "Dada, nisamehe kwa kukusingizia."

Nikasema, "Nimekusamehe."

Ptuu! Nilisema hivyo, kwa mdomo huu! Mama yangu alikuwepo, akanisifu kwa moyo mzuri. Na walipoondoka nikanawa, nikala. Nikamla yule kuku hadi mifupa.

Nimesoma, kazi ya kampuni niliipata, nikatafsiria wageni, nikavaa hiyo kofia ngumu niliyokuwa nikiililia. Watu wananiita senhora, bibi mkubwa. Na mama yake Anchia kila Idi hunitumia salamu, anasema ananiombea dua kwa sababu sikumlipizia mwanawe. Anchia mwenyewe analima Quiterajo, ana watoto. Salamu zake haleti.

Enyi vijana mnaopewa watoto wa watu muwaongoze, sikilizeni. Mtoto atakuamini kuliko anavyomwamini mama yake, na wakubwa watakuamini wewe kuliko watakavyomwamini yeye. Ukimponza, sema siku ile ile, uani pale pale, watu wangali wamekaa. Usingoje aletwe kukupigia magoti. Mimi nilingoja, na nimenunua tiketi ya kwenda Quiterajo mara nyingi tu, nikashukia njiani. Nawaambia nyinyi msionijua, yeye sijamwambia mpaka leo. Msiwe kama mimi, nawaombeni, maana mimi kila nikiitwa mtu mwema natamani kutapika.