Resthausi ya Wazee

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilifundisha Kiingereza darasa la juu katika shule moja ya Bagamoyo. Mwaka mmoja nilipata riwaya iliyonikosesha utulivu kwa furaha, nikaagiza nakala za darasa zima. Ilisimulia mji wa siku zijazo ambao wakubwa wake wamepanga kila kitu, hadi kijiko cha kila mtu. Riwaya za aina hii si ngumu kuzielewa. Mwandishi huchukua jambo dogo analoliona leo, hulikuza mpaka likafunika mji mzima, kisha humwachia msomaji aitafute kasoro mwenyewe.

Mwalimu mkuu hakuipenda. Kwake Kiingereza kilikuwa sarufi, imla na barua za kuomba kazi. Tulikubaliana kwamba Alhamisi angekuja darasani kuuliza swali moja. Wanafunzi wasipoonyesha kuwa wameelewa, vitabu vinarudi kabatini nasi tunarudi kwenye sarufi.

Jumatatu niliwauliza mji ule ni wa namna gani. Kijana mmoja mrefu kutoka Kaole, msomaji hodari kuliko wote, akasema bila kusita kuwa ni pepo. Hakuna mwenye njaa, maana kila mtu hugawiwa vidonge vya chakula kwa kijiko chake, hakuna ugomvi, na wazee wote wanapelekwa resthausi.

"Pepo gani ya kula vidonge asubuhi na jioni?" mwenzake akamtania. "Nenda wewe, bwana. Mimi niachie wali wangu wa nazi."

Darasa likacheka, lakini mimi nilikuwa bado naifikiria ile resthausi. Kitabuni wazee walipelekwa Nyumba ya Mapumziko, na vijana wangu walikuwa wameligeuza jina hilo kuwa kitu wanachokijua: ile nyumba ya serikali yenye chandarua na mpishi, alimolala bwana mkubwa akiwa safarini. Walifurahi kuona wazee wanapewa heshima hiyo. Hawakujua kwamba wazee wale walikuwa wakienda kuuawa.

Ningeweza kuwaambia palepale. Lakini nilitaka sana wagundue wenyewe, basi nikawapa kazi moja tu: waorodheshe kila kinachotajwa baada ya mzee kuingia katika nyumba ile. Jumatano nilipita kati ya madawati nikichungulia madaftari. Kitanda kimetandikwa upya. Kijiko amepewa mtu mwingine. Orodha zilikuwa sahihi kabisa, na hakuna aliyeshtuka.

Alhamisi mwalimu mkuu akaja, akaketi nyuma. Aliuliza kwa Kiingereza kama wangependa kuhamia mji ule. Kijana wa Kaole akasimama na daftari lake, akaanza kusoma orodha ili aonyeshe uzuri wa mji. Katikati akarudi juu ya ukurasa. Akarudia mstari wa kwanza kwa sauti ya chini, kisha akanigeukia, akasahau kwamba Kiswahili kilikatazwa katika kipindi changu.

"Mwalimu, nani aliwaosha?"

Mwalimu mkuu akamuuliza ni akina nani hao wa kuoshwa.

"Wazee, mwalimu. Hapa pana kitanda, pana kijiko. Hapana sanda, hapana kaburi, hapana hata mtu mmoja aliyekaa matanga. Hawa hawakupumzishwa. Wameuawa, na watoto wao wanakula vidonge."

Yule wa wali wa nazi alikuwa tayari anafunua kurasa kurudi nyuma, na mara darasa zima likawa linasema kwa pamoja, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili. Mmoja alishikilia kuwa karani wa kitabuni anayeandika majina ya wazee lazima anajua. Mwingine akasema basi hata muuguzi anayewapokea mlangoni kwa tabasamu anajua.

Mwalimu mkuu hakumkemea mtu. Aliomba kitabu kwa kijana aliyekuwa karibu naye, akausoma ukurasa ule taratibu, midomo ikimchezacheza.

"Hakuna hata mmoja anayekataa kwenda?" akaniuliza.

Nikamwambia yuko bibi mmoja, katika sura inayofuata.

Akatazama saa yake, akakisogeza kiti mbele kidogo.

"Basi someni," akasema.